Asubuhi ya Kasokola

Tarehe 11 Juni mwaka jana tulimpoteza Minza, mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa amekula chumvi nyingi na hakuugua muda mrefu. Watu waliofika matangani kijijini Kasokola walisema mazuri juu yake na hawakuhitaji kuongopa. Mimi nilikaa jikoni na wenzangu, nikipika na kuosha vyombo, na mmoja wao akaniuliza kwa nini namlilia mkwe kama mtu anayemlilia mama yake mzazi. Sikuwa na jibu fupi. Jibu langu ni msimu mmoja mzima wa mvua, ule ulioanza mwaka 1996, nilipopelekwa kwake nikiwa mke mpya nisiyeweza kuamka asubuhi. Wanangu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani nasimulia habari za uvivu. Kwa mke mpya katika mji, yaani kaya, wa Wasukuma wenye ng'ombe, kutokuamka asubuhi halikuwa jambo la kuchekwa.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni ya Mpanda. Treni ya kutoka Tabora ilifika pale ilipojaliwa kufika, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu mmoja akeshe kusubiri wageni, na mtu huyo nilikuwa mimi. Chumba cha mapokezi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, benchi, kalenda ya zamani, na karabai iliyoning'inia juu ya kichwa changu ikivuma kama mzinga wa nyuki, mwanga wake mweupe kiasi kwamba ningeweza kutunga uzi kwenye sindano bila shida. Kukikucha nilikimbilia chumba nilichopanga Misunkumilo, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikalala hadi jua lianze kushuka. Mwanzoni niliumwa kichwa, chakula hakikupita. Baadaye nilizoea, au niseme niliacha kukumbuka jinsi nilivyokuwa kabla. Nilijiona hodari kwa sababu usiku wote sikusinzia. Shija, aliyekuja kuwa mume wangu, alikuwa akileta maziwa pale kwa baiskeli kila jioni, muda ambao mimi ndiyo kwanza nimeamka na kunawa uso, kwa hiyo aliniona siku zote nikiwa mchangamfu. Ndivyo tulivyojuana, na sitasema zaidi ya hapo.

Nilipelekwa Kasokola mvua za kwanza zilipoanza. Tulipewa nyumba ndogo ya matofali mabichi, imeezekwa nyasi, mlango mmoja, haina hata tundu. Ilikuwa nzuri kwa baridi na kwa mvua, na ndani yake mchana na usiku vilifanana. Wiki za mwanzo mke mpya hatoki toki, analetewa chakula, anapumzika. Kwangu mimi mapumziko hayo yalikuwa kama kuendelea na kazi ya stesheni bila karabai. Wengine wote walilala, mimi nikahesabu matone ya mvua yanayodondoka kwenye ndoo. Majogoo walipoanza kuwika ndipo kope ziliponiangukia, na nikilala nilikuwa kama gogo. Siku zangu za kukaa ndani zilipokwisha na ikatakiwa nitoke kufagia, kukamua na kwenda shambani, mwili ulikataa. Nilikuwa nasikia watu wakiniita, nasikia kabisa, lakini sauti zao zilitoka mbali kama za watu walio ng'ambo ya mto. Nikiinuka nilitembea nikigonga miimo ya mlango. Jembe nilishika, mstari ukapinda. Jioni ikifika, wakati wengine wanachoka, akili yangu ikawaka, nikaanza kuongea na kutania watu. Mtu akiniona jioni tu angesema mke ni mzuri. Akiniona asubuhi angeuliza kama nimekunywa pombe.

Baba mkwe alikuwa ameshafariki, na neno la mji lilikuwa la Masanja, kaka mkubwa wa Shija. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na redio, na redio ile ndiyo ilikuwa sheria yake. Redio ikifungua na kusema ni saa kumi na mbili asubuhi, alitaka aone wanawake wote uani. Asubuhi moja nilimsikia kupitia mlangoni, nikiwa nimelala nusu, anamwambia mama yake: "Redio imeshasema asubuhi. Nchi nzima imeamka, isipokuwa mke wa Shija."

Mayu akamjibu taratibu, alikuwa anapuliza moto: "Hebu toka nje uangalie. Unaona mkono wako?"

"Sioni vizuri, kuna wingu."

"Hakuna wingu. Kuna giza. Hiyo ni asubuhi ya Dar es Salaam, mwanangu. Jua likishatoka huko linakuja kwetu kwa miguu."

Nilicheka chini ya blanketi, nikalala tena. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na mtu yeyote aliyehamia Mpanda kutoka pwani atakwambia hivyohivyo. Saa ni moja nchi nzima, jua sio moja. Kule wanakunywa chai mwanga umejaa, sisi huku bado tunapapasa kutafuta kandambili. Mayu hakuwa na saa wala hakuitaka. Kwake asubuhi ilianza mtu akiweza kumtambua mwenzake kwa sura bila kumsogelea, na kabla ya hapo hakumsalimia mtu. Ukimwambia "mwangaluka," ile salamu ya Kisukuma ya asubuhi, wakati giza bado lipo, alinyamaza kama hajasikia. Na ukimwambia hivyo ukiwa ndani ya nyumba alijibu: "Sauti hiyo ya nani? Toka nje nikuone, ndiyo nijue ninayemjibu." Nilidhani ni ukali wa wakwe. Nilichelewa sana kujua ni kitu gani.

Aliyeanzisha maneno ni wifi yangu Holo, dada yake Shija, msichana mwenye ulimi mwepesi na moyo usio na kinyongo. Tulikuwa tunakula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, wanawake watatu tumekizunguka chungu, na mimi nikasinzia kipande kikiwa mdomoni. Holo akasema: "Mayu, huyu mtu analimishwa." Wasiojua niwaeleze. Huku kwetu mtu akiamka kila siku amechoka kuliko alivyolala, husemwa kwamba wachawi humchukua usiku wakamlimisha mashamba yao, kisha humrudisha kitandani kabla ya kucha, naye hakumbuki kitu ila mgongo unamuuma. Mimi mgongo uliniuma. Niliamini nusu. Kilichokuwa kibaya ni swali linalofuata neno hilo: analimia shamba la nani? Na jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Kalunde, mwenyeji, Mkonongo, anaishi peke yake nyuma ya mihogo yetu, anafinyanga vyungu na kuvichoma mwenyewe. Moshi wa miaka yote ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu. Miaka ile, bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake hakuhitaji kosa lingine. Tulishasikia vijiji ambako bibi kama huyo alifukuzwa, na vijiji ambako hakuwahi kufukuzwa kwa sababu hawakumwachia muda wa kuondoka.

Kesho yake Mayu aliingia chumbani kwetu kukiwa kumeshapambazuka. Shija alikuwa ameshakwenda kwa ng'ombe. Akafunua blanketi upande wa miguu, akashika nyayo zangu, akaziangalia moja baada ya nyingine. Kisha akanishika mkono, akanitoa hadi uani nikiwa nayumba, mbele ya Masanja na Holo, akaninyanyua mguu kama anayekagua kwato za ng'ombe.

"Usiku mvua imenyesha?" akauliza.

"Imenyesha sana," akasema Masanja.

"Basi niambieni nyie wenye akili. Shamba gani hilo linalimwa kwenye mvua halafu mtu anarudi hana tope hata kwenye kucha?"

Holo akasema, "Wachawi wanamwosha kwanza."

"Wachawi hao ni wasafi kuliko wewe. Wewe umelala kitandani kwako na miguu yako niione."

Holo akaficha miguu. Hata Masanja aliachia tabasamu, ila hakuachia hoja. Alisema yeye ndiye mkubwa wa mji, mke wa mdogo wake anakauka mbele ya macho yake, hawezi kukaa anaangalia. Atamleta mganga aseme ni nani. Mayu hakubishana kuhusu wachawi. Sijawahi kumsikia akisema hawapo. Alisema tu: "Sasa hivi ni kupanda, hatuna mikono ya kushughulika na mganga. Niachie huyu mtoto mpaka mahindi yatoe mbelewele. Akiwa hivihivi, mlete." Masanja akakubali. Hivyo mimi na Bibi Kalunde tukawa tumepewa muda mmoja, wetu sote wawili, na uliokuwa unapimwa ulikuwa usingizi wangu.

Siku ileile Mayu alimwamuru Shija atoboe ukuta wa chumba chetu upande jua linakotokea. Shija alisita, nyumba ni mpya. Akamwambia toboa, nyumba ni udongo. Yakatoka matofali mawili, likabaki tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, usawa wa mto wangu wa kulalia. Kibatari chetu Mayu akakichukua. Tukishakula, akakizima na kwenda nacho kwake. Nilimwogopa kumwambia kwamba gizani ndipo macho yangu yanapofunguka. Asubuhi, mwanga ukiingia tu kwenye lile tundu, alikuwa amesimama nje yake. Hakunitukana, hakunivuta. Aliita: "Velonika. Njoo unisalimie." Jina langu ni Veronika, lakini hakuliweza, na leo naliona la kwake ni zuri zaidi. Nikijibu kutoka ndani, alinyamaza. Nikinyamaza, aliita tena, sauti ileile, wala haipandi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kukamua, shamba la kupanda na moto wa kuwasha, alisimama pale kwenye umande mkeka ukiwa mgongoni dhidi ya manyunyu, akinisubiri mimi. Nikitoka, "mwangaluka, Mayu," alinitazama usoni, akanijibu, akanionyesha pa kukaa. Sio jikoni penye kiza. Alinikalisha uani juu ya kinu kilicholazwa, nimeelekea mashariki, na uji ukaletwa pale. Baada ya uji, karanga za mbegu za kumenya, papo hapo, mpaka jua linipige kwenye magoti.

Siku za mwanzo nilikuwa namenya karanga nikilia. Sio kwa uchungu, machozi yalikuwa yanatoka tu, mwanga ulikuwa unaniumiza kama mtu amenitia mchanga. Nilisinzia nikaanguka kutoka kwenye kinu, Holo akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, unalima au unapanda?" akaniuliza. Mayu alimnyamazisha, kisha naye akageuka pembeni, nikaona mabega yake yanatikisika. Mchana nikitafuta kivuli nijilaze, alinipa kazi nyingine, ndogo ndogo, za kusimama. Usiku nilibaki macho kama kawaida. Niliona ni mateso ya bure. Halafu ikatokea siku moja, siwezi kusema ni ya ngapi, nilikuwa nimeshika kipande cha ugali jioni nikasikia usingizi unakuja, ule wa kweli, kutoka miguuni. Niliogopa nilipousikia. Nilikuwa nimesahau kwamba usingizi unaweza kuja jioni wenyewe, bila kuitwa, kama ng'ombe wanavyorudi. Tangu hapo ulikuja mapema kidogo kila baada ya siku kadhaa, na asubuhi ikanikuta nimeshiba usingizi. Njaa nayo ikahama. Mimi niliyekuwa natamani chakula kukiwa giza, nikaanza kuusubiri uji wa asubuhi. Ilitokea msiba kwa jamaa zetu, tukakesha, na nikarudi nyuma kabisa, nikaanza kama mtu mgeni. Masanja aliliona hilo, nami nikaingiwa na hofu. Mayu alisimama tena kwenye tundu. "Velonika. Njoo unisalimie." Sauti ileile.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa akiwa amegeuza usiku kuwa mchana, na muuguzi kliniki akamwelekeza mama yake amtoe mtoto nje asubuhi aonane na mwanga, na usiku chumba kiwe giza. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza vizuri, kwa upole, kwamba ndani ya kichwa cha mtu kuna kitu kama saa, haitembei sawasawa yenyewe, na jicho likiuona mwanga wa asubuhi ndilo linaloipa saa hiyo habari kwamba siku imeanza. Mtu akikesha kwenye taa kali na kulala mchana, saa hiyo inapotea, na kuirudisha kunachukua siku nyingi, asubuhi kwa asubuhi. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Mayu, nikamwambia alichonifanyia mwaka ule kina maelezo. Nilitaka afurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mimi hayo sikuyajua." Nikamuuliza, sasa lile tundu, na kule kunikalisha uani? Akasema: "Nilitaka uonekane. Watu wanaopita kwenda mashambani wakuone umekaa, unakula, unanisalimia. Aliyelimishwa haonekani asubuhi. Nilisema wakikuona kila siku, watachoka kusema."

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi kuliko maelezo ya muuguzi. Mwanga ulinitibu, nakubali, lakini yeye hakuwa akinitibu. Alikuwa akitulinda wawili, mimi na Bibi Kalunde, kwa mkupuo mmoja, na hakuwa na chombo kingine cha kufanyia hivyo ila salamu yake na uvumilivu wa kusimama kwenye umande. Nimekutana na watu wengi wema. Wengi wao wema wao huwa na haraka, wakiona haufanyi kazi siku ya tatu wanakasirika. Yeye sikumbuki asubuhi hata moja aliyoniita kwa hasira.

Mahindi yalitoa mbelewele mwezi wa pili. Masanja hakuwa amesahau. Nadhani hakuamini alichokuwa akikiona, au aliona kwamba mtu akishaahidi mganga lazima amlete. Alimleta asubuhi mapema makusudi, redio ikiwa imeshafungua, ili anikute kwenye ule usingizi wa gogo. Mimi nilikuwa zizini. Nilikuwa nimeshaamka kabla Mayu hajaita, sio kwa ujasiri wowote, macho yalifunguka tu tundu lilipoanza kuwa la kijivu, nikaona bora nikamue. Niliporudi na ndoo nikakuta watu uani: mganga, mwanaume wa makamo mwenye koti refu na mfuko wa ngozi, Masanja ubavuni kwake, Holo mlangoni mwa jikoni, na Mayu anachochea moto kama hakuna mgeni.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza mganga.

"Amelala ndani," akasema Masanja.

Mayu alikuwa ameniona. Akasema bila kugeuka, "Nenda kamwamshe basi."

Masanja akaenda mlangoni kwetu, akagonga. "Velonika. Amka, kuna mgeni." Akagonga tena. "Unaona?" akamwambia mganga. "Kila siku ndivyo."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikasema kile ambacho mdomo wangu ulikuwa umefundishwa kusema wakati ule. "Mwangaluka, shemeji."

Aligeuka akagonga kichwa kwenye mwimo. Holo alikimbilia jikoni, tukasikia sufuria inaanguka. Mganga alinitazama, mimi na ndoo yangu. Akaniuliza usiku naota nini. Nikamwambia siku hizi sioti, nalala. Akaniuliza mgongo unauma wapi. Nikamwambia ulikuwa unauma, sasa hauumi. Akamgeukia Masanja, akasema: "Kaka, umenitembeza umbali wote huu kuja kumwangalia mtu anayekamua?" Siwezi kusema kama alituonea huruma, au hakuona pa kuanzia. Angeweza kulitaja jina kama angetaka, watu wangemwamini. Hakulitaja. Alikula michembe, akanywa maziwa, akaondoka na Masanja akimsindikiza na kumwomba radhi njia nzima.

Walipotokomea, Mayu alimimina maziwa yaliyobaki kwenye ndoo ndogo, akanipa. "Mpelekee Kalunde. Mwambie mwenyewe, asisikie kwa watu."

Nilipita kwenye mihogo. Mlango wa Bibi Kalunde ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka ndani. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Velonika, wa kwa Minza."

"Uko na nani?"

"Niko na maziwa tu, bibi."

Kamba ikafunguliwa. Ndani kulikuwa kumefagiliwa, mkeka umekunjwa, jembe limeegemezwa, na katikati ya chumba kulikuwa na furushi kubwa la kitenge lililofungwa kwa ajili ya safari. Alisimama mlangoni, mwanga ukampiga usoni, macho yake mekundu hayakupepesa.

"Wameshaondoka?" akauliza.

"Wameshaondoka. Mganga hakutaja mtu. Mayu anasema harudi."

Alikaa chini pale pale kizingitini. Nikamnyooshea ndoo. "Sina cha kutilia," akasema, "vyombo vyote nimefunga." Akalivuta furushi, akaanza kulifungua. Fundo lilikuwa limekazwa sana, akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Nikaweka ndoo chini, nikashika ncha ya pili, tukavutana mpaka likaachia. Akatoa chungu kidogo kutoka katikati ya nguo, akakifuta ndani kwa ncha ya kanga yake, akakiweka mbele yangu, nami nikamimina.